Wewe Mwenye Shati la Kijani

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja mshona nguo alikuwa akimsimulia jirani yake, mzee mwashi, habari za binti yake anayesomea saikolojia ya jamii. Hakuwa ameulizwa. "Anadurusu kwa sauti huku mimi nashona," alisema, "kwa hiyo na mimi nimeshahitimu nusu."

"Kwani wanafundishwa nini hasa?"

"Kwamba mtu akianguka mbele ya umati, kila mmoja hudhani mwenzake atamwinua. Mwisho hamwinui hata mmoja."

Mzee akacheka. "Mama, hilo hata marehemu bibi yangu alilijua, na chuo hakukiona hata kwa mbali."

"Alilijua, sawa. Dawa yake je?"

"Dawa ni utu."

"Utu wanao wote, mzee wangu. Wanangojana tu."

Treni ikapunguza mwendo. Mama akasimama, akaonyesha cherehani ya chuma iliyokuwa miguuni pake. "Jamani, nisaidieni kushusha." Ghafla behewa zima likawa na shughuli. Huyu akatazama dirishani, yule akazama kwenye simu. Mimi nilikagua kiatu changu, ambacho hakikuwa na neno.

Hapo akaninyooshea kidole. "Wewe mwenye shati la kijani, shika upande huu."

Nikashika, tukaishusha hadi jukwaani.

"Hiyo si elimu, hiyo ni amri!" mzee alipaza sauti kutoka dirishani.

"Huo ni usomi wa mwanangu!" akajibu mama, kifua mbele.

Treni ikaondoka, nami bado nimesimama jukwaani. Kufika kituo changu, vilikuwa vimebaki vituo viwili.