Tezi za Jirani

IGNAS: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

ANETH: Shikamoo mjomba. Ni Aneth, natumia simu ya rafiki yangu Dorah.

IGNAS: Marahaba, daktari mwenye wiki tatu kazini! Sema haraka, niko machimboni, kwenye duara, vijana wako chini shimoni.

ANETH: Hospitali ya Mwanza wamenipigia. Jana ulikuwa na upasuaji wa shingo, hukufika.

IGNAS: Nina rovu, Aneth. Natumia chumvi ya madini joto. Kijiko asubuhi, kijiko jioni.

ANETH: Mjomba, saratani siyo mchuzi! Majibu si uliyasoma?

IGNAS: Haiumi! Ugonjwa gani hauumi?

ANETH: Ndiyo tabia yake. Inakaa kimya kwenye tezi ya mbele ya shingo, halafu inahamia tezi ndogo za pembeni—

IGNAS: Inahamia! Ina miguu?

ANETH: Haya. Mwaka jana mkanda wa dhahabu ulipofika mpakani kwako, ulifanyaje?

IGNAS: Niliufuata.

ANETH: Ukatokea wapi?

IGNAS: Kwenye duara la jirani, la Nkwabi. Lakini ile kesi tulishaimali—

ANETH: Nkwabi alisikia mkimchimba?

IGNAS: Angesikia wapi! Alikuja kushtuka, mawe tumeshapakia.

ANETH: Basi.

IGNAS: [mtandao unakwaruza] ...una mdomo wewe mtoto.

ANETH: Nimeurithi ujombani.

IGNAS: Sasa wakinikata, sauti ikipotea? Vijana nitawaita na filimbi, kama refa?

ANETH: Kumbe ndicho unachoogopa! Mjomba, wengi sauti inabaki. Ila ukizidi kungoja, watakuwa na mengi ya kukata. Weka vidole chini ya sikio la kushoto. Shuka taratibu.

IGNAS: Hapa wanunuzi wa mawe wananiangalia—

ANETH: Shuka.

IGNAS: Kivimbe kimoja. Hicho nakijua, ndicho walichokipima. Kuna kingine. Hapa tena...

ANETH: Mjomba?

IGNAS: Ngoja, nimepoteza hesabu.

ANETH: Anza upya, kuanzia sikioni.

IGNAS: Gregory! Zima mashine! Toa watu wote juu, leo tumefunga! ...Aneth, basi la kuja huko linapita saa ngapi?

ANETH: Saa nne, bado unaliwahi. Nakusubiri stendi Geita, Mwanza tunakwenda wote.

IGNAS: Mama yako usimwa—

ANETH: Simwambii. Vocha inaisha, mjomba, panda tu ba—

IGNAS: Aneth, ngapi ndiyo nyingi? Haloo? Vitatu ni vingi? ...Aneth?