Mama Anayesikiliza Vitumbua

Kwanza niapie. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu, hata yule dada yako wa Ipogolo, ambaye akidokezwa jambo asubuhi, mchana linauzwa sokoni pamoja na mafungu ya nyanya. Umeapa? Haya. Na mimi niliapishwa, tena kwa kaburi la mume wangu, na mpaka leo nimewaambia watu wanne tu, wote nina siri zao. Yule mtu wa baibui na ninja, macho tu nje, anayenunua vitumbua kumi vya kwanza vya Yusta kila asubuhi pale Uyole, ng'ambo ya barabara wanapoegesha malori, si jini wala si mchawi. Ni Bibie. Ndiyo, Bibie huyu huyu anayeuza vitumbua vyake kijiweni kwa Makame mwaka wa thelathini na moja huu.

Chanzo ni neno moja. Mwezi uliopita alimuuliza Makame, muuza kahawa, vitumbua vya leo vikoje. Makame, bila kuinua macho jikoni, akajibu: "Vinatosha."

Vinatosha! Usiku ule Bibie hakula. Yeye aliyefundishwa na bibi yake, aliyefika Chunya enzi za dhahabu na chuma cha vitumbua kichwani! Bibi alimwambia, kitumbua kilichoumuka sawasawa ukikipasua ukakibonyeza sikioni, kinapumua; kibaya kinanyamaza. Tangu hapo Bibie hajawahi kuuza kabla hajasikiliza cha kwanza. Halafu leo aambiwe vinatosha? Kinachotosha ni chumvi. Na wiki mbili baadaye akaja huyo Yusta kutoka Iringa, na vitumbua vyenye vitundu ndani kama sega la nyuki. Bibie akaazima baibui kwa mkwewe Amna, akavinunue bila kujulikana.

Sasa, Alhamisi iliyopita, saa moja asubuhi, ukungu bado umelala barabarani, kijiwe kilikuwa kimetimia. Ubao wao umekaa juu ya rimu mbili za lori. Alikuwepo Asukile, dereva mstaafu, wao wanamwita Breki kwa sababu anadai ameshuka mlima Kitonga mara mia bila kukanyaga breki. Alikuwepo Sedekia, jina la kijiwe Mtafiti, aliyewahi kufyeka nyasi kituo cha utafiti. Bibie alikuwa pembeni na beseni lake, katulia kama maji ya mtungi.

— Leo nimemwona kwa macho yangu, Breki akaanza. Kajifunika gubigubi, kachukua kumi, kaondoka. Hata salamu hana.

— Anavipeleka wapi? Makame akauliza.

— Anavusha. Vinaingia lori la Tunduma, saa tano viko Zambia vinaliwa na mabosi.

— Vitumbua kumi ndiyo biashara ya kuvuka mpaka?

— Haba na haba hujaza tumbo, mtu wangu.

Mtafiti akakohoa. Akikohoa huyo, ujue sayansi inakuja.

— Nyie hamjasoma. Pale kituoni mahindi ya mtu tulikuwa tunayapasua, tunachungulia mbegu. Huyo anatafuta mbegu ya kitumbua. Mwakani utasikia vimepandwa Madibira kwenye majaruba ya mpunga. Ukishavuna, unakaanga tu.

— Kitumbua kiote, Sedekia?

— Mwacha asili ni mtumwa.

Hakuna aliyeelewa methali hiyo imeingiaje pale, lakini Mtafiti alishazama kwenye kikombe.

— Mimi nasema ni jini, Makame akasema. Jini anapenda cheupe, anapenda cha mchele, na hapendi maneno. Babu yangu alimwona mmoja Chunya, alikuwa anafuata halua.

Bibie, moyo ukimdunda chini ya kanga mbili, akaona mlango huo wazi.

— Jini kabisa! akadakia. Nani kamwangalia miguu? Msishangae mkikuta kwato.

— Miguu nimeiona, Breki akasema. Kavaa gambuti za kijani.

Bibie akazivuta gambuti zake taratibu chini ya ubao, akashusha kanga mpaka zikapotea.

— Jini wa gambuti?

— Baridi ya Mbeya haibagui, Bibie akajibu.

Wakacheka. Breki akanyoosha mkono kwenye beseni.

— Aende zake na jini wake. Sisi tuna mama yetu. Leta viwili, Bibie. Vyako vinatosha bwana.

— Breki, na mkeo huwa unamwambia anatosha?

— Tangu tisini na nane.

— Ndiyo maana saa moja asubuhi uko hapa.

Hata Makame alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Walikuwa bado wanapigana vikumbo pale mwanamke alipovuka barabara mbio, aproni imejaa rojo, kashika kisahani kilichofunikwa. Bibie akainamisha macho, kwa sababu macho ndiyo pekee ambayo huyu aliyafahamu.

— Kamwene! Shikamooni wazee wangu. Shikamoo mama.

— Marahaba.

— Naitwa Yusta, wa vitumbua pale ng'ambo. Sikai, nimeacha jiko. Nina mteja wangu, anajifunika. Leo siku ya tisa. Akinunua, anapasua kimoja, anakibonyeza hapa sikioni, anasikiliza, anatikisa kichwa kukubali, anaondoka. Leo kasikiliza, akaguna. Akaguna, wazee wangu! Watu wote wananiambia vizuri, vizuri. Yeye ndiye kaguna. Nauliza tu: hapa Uyole, nani anasikiliza kitumbua?

Swali jepesi hilo, mtoto wa chekechea angelijibu. Miaka yote hiyo walikuwa wanamwona Bibie, kila asubuhi, mkono sikioni. Wakatazama kwa pamoja pale gambuti zilipofichwa, kisha kwa pamoja wakatazama pengine. Breki akaangalia mlima ambao haukuonekana kwa ukungu. Mtafiti akanywa kikombe kitupu.

— Hapa? Breki akasema. Hapa hatusikilizi dada, hapa tunakula tu.

— Jaribu Ilomba, Mtafiti akasema.

— Mimi nilishasema ni jini, Makame akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemfunika mwenzake shuka.

Kitumbua cha Yusta cha asubuhi ile kilikuwa kimepumua nusu pumzi, na lile guno lilimtoka Bibie bila ruhusa. Hakujua kama limemchoma mtu hivi. Lakini akifungua mdomo, kesho Uyole nzima itasema Bibie mwenye jina lake anaiba ujuzi kwa binti wa juzi, tena kwa baibui la kuazima. Akikaa kimya, yamekwisha.

— Basi, Yusta akasema, akifunua kisahani. Kuna rojo nimeliacha liumuke zaidi, nikakaanga kimoja. Nilitaka akisikilize kabla sijamalizia. Kula wewe mama, kisipoe.

Akamwekea mkononi. Kilikuwa cha moto, chepesi kama pamba. Bibie akajiambia: kula kama watu, Bibie. Tafuna, meza, shukuru. Wazee watatu walimwombea kimoyomoyo, kila mmoja kwa dini yake.

Vidole havikungoja dua. Vikakipasua. Mvuke ukatoka na harufu ya iliki. Mkono ukapanda wenyewe, ukapita kidevu, ukafika sikioni, ukabonyeza.

— Ndiye! Yusta akapiga yowe. Ndiye huyu! Na macho ni haya haya!

— Bibie, jamani, tulishakuvusha! Breki akalia.

— Gambuti! Gambuti hizo! Yusta akaonyesha chini ya kanga.

Kijiwe kikalipuka. Birika likamponyoka Makame, kahawa yote ikazima jiko, majivu yakaruka. Makonda wakaacha kuita abiria, muuza parachichi akaacha fungu lake, wote wakaja kuangalia. Bibie, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, hakukana wala hakukishusha kitumbua. Aliinua mkono wa pili, akafumba macho.

— Hebu nyamazeni huko, akasema. Nasikiliza.