Pingili na Maswali Yake Ishirini na Manne

Marehemu aliingia katika familia yetu kupitia duka langu la mabegi, Juni 1989. Hakuja kununua. Alikuja na mizani ya kutundika, akapima begi la mwanafunzi aliyekuwa kaunta, akasema, "Kaka, mkanda huu mmoja unamkunja mtoto."

Nikamjibu, "Bwana mdogo, unanunua au unanifukuzia wateja?"

Tulivutana hadi adhuhuri. Tukakubaliana: mabegi ya mikanda miwili nitayatundika mbele, naye atatoka mlangoni pangu. Dada yangu, aliyekuwa akiniuzia, alimpa chai. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1990, nami nikabaki bila muuzaji.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, kitindamimba wa seremala na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1980 na kuhitimu fiziotherapia mwaka 1984. Alihudumu hospitali moja kwa miaka thelathini na saba, akinyoosha migongo ya watu. Wanafunzi aliowatembelea shuleni walimwita Pingili, kwa jina la vifupa vya uti wa mgongo.

Alipostaafu mwaka 2021 aliandika maswali ishirini na manne ya kupima vijana wanajua nini kuhusu migongo yao: ndoo huinuliwaje, mtu akae muda gani bila kusimama, maumivu ya mguu yaweza kuanzia wapi. Idara ya elimu ilimwambia somo lake la kutunza mgongo litaingia shuleni akithibitisha kwamba kipimo hicho hakidanganyi.

Septemba ya mwaka huo aliwapa wanafunzi mia moja na ishirini. Alirudi amechangamka. "Shemeji, karibu wote wamevuka ishirini!"

"Walifanyia wapi?"

"Maabara ya biolojia."

"Ile yenye mifupa ya mtu mzima imetundikwa, na michoro ya uti wa mgongo kila ukuta?"

Alikuwa ameizoea mifupa hiyo kama sisi tulivyozoea viti. Dada akamwambia, "Baba Mapacha, umewapa majibu kabla ya maswali." Tulicheka, lakini yeye hakulala vizuri wiki nzima.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakuomba miaka, aliomba kurudia kipimo. Mkuu wa shule nyingine alitaka kutoa kipindi kimoja tu. Nilibishana naye mpaka akatoa viwili, wiki mbili zikipita katikati, katika ukumbi wenye kuta tupu. Wastani ulikuwa kumi na moja. Mara ya pili, kumi na moja na nusu. Sijawahi kumwona mtu akifurahia wanafunzi kufeli namna ile. "Kipimo kimeshika, mara zote mbili kinasema karibu lilelile," alisema, akaomba uji, akaumaliza.

Barua ya idara ilifika tarehe 22 Agosti: somo limekubaliwa. Mabinti zake mapacha walimsomea mara mbili. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Septemba 2022, baada ya siku kumi na mbili ambazo, kwa maneno yake, hakuwa na deni la wasiwasi.

Ameacha mjane, mabinti mapacha, wajukuu watatu na dada mmoja. Sisi tumempoteza, na hilo halina fidia. Shule zimepata kipimo cha kweli. Naye aliondoka akijua hivyo, jambo ambalo mwezi Februari hakuna aliyethubutu kumwahidi.

Lala salama, shemeji. Maumivu yamekwisha, na majibu yalitoka ukiwa ungali nasi.