Marehemu Nagatomo Kensaku, Aliyekaa Mpaka Majina Yakaisha

17 Februari 1949 – 27 Machi 2024

Nagatomo Kensaku alizaliwa tarehe 17 Februari 1949 katika mji wa Obi, mkoa wa Miyazaki, mtoto wa kwanza wa seremala Nagatomo Torakichi na mkewe Haru. Mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu alianza kupiga teke kabla hajaiona dunia, na hakuacha. Anayewasomea wasifu huu ni mdogo wake wa pekee, Fusae, ambaye naye hakujaliwa utulivu. Mkiona karatasi inatetemeka, msidhani ni kilio peke yake; ukoo wetu ndivyo ulivyo.

Marehemu alisoma shule ya msingi na ya kati hapo hapo Obi, na mwaka 1967 akamaliza shule ya ufundi mjini Nichinan. Kwa miaka hiyo yote goti lake la kulia lilicheza chini ya dawati mpaka wino wa jirani ukamwagika. Walimu walimwadhibu kwa kumsimamisha ubarazani, na yeye akaipenda adhabu, maana ubarazani mtu anaweza kutembea. Jioni moja baba alimuuliza, "Leo umesimamishwa tena?" Akajibu, "Ndiyo, baba, leo nimefika mpaka ngazi." Baba alitaka kumchapa, akaishia kucheka.

Mwaka huo huo wa 1967 alihamia Kitakyushu na kuajiriwa na kampuni moja ya kutunza lifti, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu Machi 2009. Kazi ilimfaa. Mtu asiyeweza kukaa alilipwa kwa kupanda na kushuka kutwa nzima. Hakukaa kwenye mikutano, hakukaa kwenye karamu za kuagana mwaka unapoisha, na bosi wake alizoea kumwona akitoka katikati ya hotuba kana kwamba amekalia upupu.

Tarehe 3 Novemba 1975 alimwoa Michiyo, binti wa duka la vitambaa huko Tobata, mtaa wa Kitakyushu. Waliokuwapo wanaikumbuka karamu ile. Katikati ya hotuba ya mjomba, bwana harusi alisikia lifti ya hoteli ikitoa mlio asioupenda, akanyanyuka. Mjomba alipomaliza, bibi harusi alikuwa peke yake na vazi lake zito la kimono, mbele ya pazia la dhahabu.

"Bwana harusi yuko wapi?" wageni wakauliza.

"Yuko kwenye lifti," Michiyo akasema, akaendelea kula.

Alisema hivyo kwa tabasamu, lakini jambo lile lilimwingia moyoni na halikutoka. Walijaliwa mabinti wawili, Yukari mwaka 1977 na Tomoe mwaka 1980. Katika nyumba ile chakula kiliwekwa mezani kwa watu wanne na kikaliwa na watatu walioketi na mmoja aliyesimama dirishani na bakuli mkononi.

Agosti 1979 marehemu aliitwa kutengeneza lifti ya jengo moja la mtaa wa Kokura lenye sinema ghorofa ya juu. Alipomaliza, aliambiwa asubiri umeme wa lifti urudishwe, na mtu wa mlangoni akamwonea huruma kwa joto lile, akamwambia asubirie ndani. Ilikuwa ikionyeshwa filamu ya katuni ya watoto, kuhusu dubu mdogo aliyelala majira ya baridi, na alipoamka akakuta mlima wake umehamishwa. Mwenzake wa kazi, Bwana Kawagoe, alimkuta humo ameketi huku machozi yakimtiririka.

"Kensaku, vipi, unaumwa?"

"Vumbi la lifti."

"Lifti tumeshaifunga, bwana. Twende."

"Tangulia. Nataka nione kama ataupata mlima."

Tangu siku hiyo hakuna filamu ya watoto iliyopita Kitakyushu bila yeye. Alificha. Mwaka 1981 Michiyo alichoka na Jumamosi za mume kutoweka asubuhi na kurudi na macho mekundu, ananukia sukari ya bisi. Akamfuata siku yule dubu aliporudi na filamu mpya. Alifungua mlango wa sinema kidogo tu, akamwona kwa mwanga wa skrini, kati ya vitoto viwili vya watu, mdomo wazi. Halafu akaona goti. Goti lilikuwa limetulia.

Alimngoja nje. Maneno yao marehemu mwenyewe ndiye aliyetusimulia, tena mara nyingi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

"Mwanamke gani, Mama Yukari? Mle ndani kuna dubu, na bibi yake dubu, basi."

"Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua pa kumshika. Sasa dubu nitamwambia nini? Mtu mzima hovyo wewe."

"Njoo basi Jumamosi ijayo ukae nami."

"Siku utakayokaa nami nyumbani, nami nitakuja kukaa nawe huku. Nakuahidi."

Michiyo ameturuhusu tuseme hili leo: hakuwa na hasira na katuni. Kilichomuuma ni kwamba goti lile lilitulia kwa dubu na halikuwahi kutulia kwake. Mume akamwalika kila filamu mpya ilipotoka, mke akampa jibu lile lile, na ahadi ikakaa kati yao kama kiti kitupu kwa miaka zaidi ya arobaini.

Katika muda huo marehemu alienda na mabinti zake mpaka wakaona haya, kisha na mjukuu wake Honoka, mtoto wa Yukari. Honoka anasema yeye alikuwa kibali cha babu cha kuingilia, maana mzee aliyekuja peke yake kwenye filamu ya watoto hutazamwa. Honoka alipofika kidato cha kwanza na kukataa, babu alikwenda peke yake, na siku moja mama mmoja alimhamisha mwanawe kiti, mbali naye. Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ni ile inayotoka kila majira ya machipuko, mwezi Machi, ya wasichana wanne wanaooka mikate na kuulinda mji wa mawinguni. Wapenzi wa filamu hiyo mnajua desturi yake: mlangoni kila mtoto hupewa kijitochi, na waokaji wanapoangushwa chini, watoto huinua tochi gizani ili wapate nguvu za kusimama tena. Watu wazima hawapewi. Marehemu aliomba kila mwaka.

"Samahani, bwana, ni kwa watoto tu."

"Na wakishindwa kwa sababu tochi hazikutosha?"

"Hawajawahi kushindwa, bwana."

"Hujui mwaka huu."

Basi akawa anainua ngumi tupu. Si yeye peke yake. Palikuwa na dereva wa teksi mwenye glavu nyeupe, na akina dada wawili wa ofisini, kila mmoja kajitenga safu yake, kila mmoja na ngumi yake juu. Waliinamishiana vichwa mlangoni miaka na miaka bila kujuana majina. Na majina ya waliotengeneza filamu yalipoanza kupanda kwenye skrini, huku watoto wakikimbilia chooni, hao wote walibaki vitini mpaka jina la mwisho. Kensaku, aliyetoka katikati ya karamu ya harusi yake, hakuwahi hata siku moja kutoka kabla ya majina kuisha. Alisema, "Watu wamekesha wakichora. Kuondoka sasa ni kumpa mtu mgongo akiwa bado anakuinamia."

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimweleza kuwa haitapona. Marehemu alimsikiliza amesimama, kisha akasema, "Daktari, nifikishe tarehe kumi na sita Machi."

"Kuna harusi?"

"Filamu."

Daktari, mtu wa makamo mwenye tai, aliacha kuandika. "Ile ya mikate?"

"Unaijua?"

Daktari alitazama mlango kwanza. "Ya mwaka jana niliiona mara mbili. Mke wangu anajua nilikuwa zamu."

"Ng'ombe hazeeki maini," Kensaku akamwambia, na Tomoe, aliyempeleka, anasema waliongea mambo ya mikate mpaka muuguzi akaja kugonga.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Miguu ilimwisha nguvu kabla ya Desemba, akarudishwa nyumbani kutoka hospitali, na kwa mara ya kwanza tangu 1975 akaketi na mkewe kwenye meza ya joto, ile fupi yenye blanketi na kipasha joto chini yake, asubuhi mpaka usiku. Goti peke yake ndilo lililoendelea chini ya blanketi. Hakuwa mgonjwa mwepesi. Aliuliza tarehe wakati wa chai, akaiuliza tena wakati wa supu. Aligombana na kalenda. Februari alianza kutapika chakula, na sote tukawa tunahesabu kimya kimya na kutembea ovyo ovyo ndani ya nyumba kama yeye alivyokuwa. Tuliogopa. Jioni moja Michiyo alikuwa akimmenyea chungwa, akasema bila kumtazama, "Umekaa nami nyumbani."

"Nimekalishwa."

"Umekaa. Sikusema ukae kwa kupenda. Ahadi ni deni, Baba Yukari. Tarehe kumi na sita nitakupeleka mimi."

Goti likasimama. Yukari alikuwapo, na alidhani baba amekufa.

Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2024 walimwingiza kwenye sinema ya Kokura kwa kiti cha magurudumu, onyesho la asubuhi. Mlangoni Michiyo alimsogelea msichana wa tochi, akasema bila kutabasamu, "Huyu ni mtoto. Namlea tangu mwaka sabini na tano." Msichana aliinama sana, akaomba radhi, na tochi hakutoa. Sheria ni sheria. Wakaingia mikono mitupu.

Waokaji walipoanguka chini wote wanne na ukumbi ukajaa vijitochi, marehemu aliinua ngumi. Haikufika juu, iliishia begani. Yukari, aliyekuwa nyuma yao, alimwona mama yake akitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaushika mkono wa mumewe kwa mkono wake, akaupandisha mpaka mwisho, ngumi mbili pamoja. Mkono wake mwingine aliuweka juu ya goti la mumewe, akauacha hapo. Michiyo anasema alikuwa akilipima goti. Lilikuwa limetulia.

Filamu ilipokwisha, Michiyo, aliyezoea kuwahi kukusanya makoti, alinyanyuka. Kensaku akamshika ukingo wa mkono wa kimono.

"Kaa. Majina bado."

Akakaa. Tulipomuuliza baadaye filamu ilihusu nini, alisema, "Mikate. Na nimelia kama mjinga."

Nagatomo Kensaku alifariki nyumbani kwake Tobata tarehe 27 Machi 2024, alfajiri, mkewe ameketi kando yake. Wahudumu wa mazishi wametukataza kuweka plastiki na betri katika jeneza litakalochomwa moto, nasi hatukuwa na tochi ya kuweka. Tumemwekea vipande viwili vya tiketi, ambavyo ni karatasi.

Mhudumu ameshanionyesha saa mara mbili, gari liko nje, na naona wengine mmeanza kushika mikoba. Tafadhali kaeni. Majina bado.

Ameacha mke, Michiyo. Mabinti, Yukari na Tomoe. Wakwe, Haruhiko na Takumi. Wajukuu, Honoka, ambaye anajuta kile kidato, na Ryohei. Dada, Fusae. Rafiki wa kazini, Bwana Kawagoe, aliyeambiwa atangulie na leo amebaki nyuma. Daktari wake, ambaye leo yuko zamu. Akina dada wawili wa ofisini, popote walipo. Na dereva wa teksi aliyeona picha yake kwenye tangazo gazetini akaja, ambaye yuko safu ya nyuma na glavu zake nyeupe, na jina lake tumelijua leo: Bwana Minematsu.

Majina yameisha. Apumzike kwa amani, kaka yangu asiyejua kupumzika. Sasa tunaweza kuinuka.