Mwalimu Mektrida Anatuachia Pendulamu

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Mektrida Massawe anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fizikia hapa Kibosho. Wanafunzi wake wa kwanza sasa wanatuletea watoto wao, na hao nao hukimbilia kumpokea mkoba. Sisi wengine tunabeba wenyewe.

Kila aliyepita kidato cha nne anakumbuka pendulamu yake, tufe dogo la chuma linalobembea kwenye uzi. Wanafunzi hupima urefu wa uzi na muda wa kubembea, kisha wanakokotoa mvutano wa dunia. Kila mwaka walijikwaa palepale. Kwa kuwa kwenye hesabu urefu unagawanywa kwa muda, walichukua asilimia ya kosa la kupima muda wakaitoa kwenye ile ya urefu, na jibu likaonekana safi ajabu.

"Mmekuwa mapadri?" aliwauliza. "Nani kawaambia kosa moja linaliondolea lingine dhambi? Jumlisheni! Na la muda lihesabuni mara mbili, maana muda umezidishwa kwa wenyewe."

Darasa lake liliongoza wilaya mara nyingi, nasi tulikula mbuzi wa pongezi kwa jasho lake.

Mwenzake wa maabara alikuwa marehemu mume wangu Tito, Baba Kindness, tuliyemzika Novemba. Stoo ninayoitunza imetengwa na maabara kwa mbao tu. Tito akiachia pendulamu, alianza kuhesabu "moja", na Mwalimu akadakia, "Sifuri, Baba Kindness! Mtoto hajazaliwa, wewe umeshampa mwaka!"

"Basi hesabu wewe, Mwalimu, mimi nibembee!"

Kisha vicheko. Nyumbani Tito alikuwa mkimya. Alikula, akasali, akalala. Wivu wangu kwa Mwalimu haujapoa hata leo. Yeye aliuona uso wa Tito akicheka, mimi nilisikia kupitia mbao.

Sasa anarudi Sanya Juu kwa mumewe, Mzee Julius, aliyekwisha kupanda miche ya kahawa ya kulima pamoja. Hilo nalo nalionea wivu.

Mwalimu, asante kwa watoto wetu. Mungu akupe afya na miaka mingi shambani na Mzee. Lakini unaondoka na mambo ya Tito ambayo hapa hakuna mwingine anayeyajua. Jumapili yoyote utakayopanda Kibosho, baada ya misa pita kwangu, unionyeshe alivyokuwa akicheka.

Violet, stoo