Wakili Aliyekataa Kumaliziwa Maneno: Maisha ya Tukuswiga Yesaya Mtafya (1984–2025)

Tulipokuwa tunaandaa wasifu huu, mzee mmoja wa ukoo alitushauri kwa nia njema kwamba jambo la kigugumizi tuliache. Alisema si heshima kulisoma mbele ya jeneza, na mbele ya mawakili waliovaa majoho. Tulimsikiliza, tukamshukuru, tukakataa. Dada yetu alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema hadi siku aliyofariki. Hakukificha kwa hakimu, hakukificha madhabahuni, na sisi hatutamfichia leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kijiji cha Mbebe, Wilaya ya Ileje, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Yesaya Mtafya, ambaye sasa ni marehemu, na Mama Elizabeti. Aliitwa Tukuswiga, maana yake "tunashangaa", kwa kuwa mama alishapoteza mimba mbili na watu walikuwa wameshasema hatapata mtoto mwingine. Alipofikisha umri wa kusema, maneno yakawa yanakwama. Walikuja shangazi na majirani na dawa zao. Mmoja alitaka apigwe mdomoni kwa mwiko wa moto kidogo, mwingine akataka alishwe ulimi wa mbuzi. Mama alisimama mlangoni akawaambia, "Mtoto wangu haumwi. Maneno yake ni mengi, yanasukumana kutoka. Rudini makwenu." Mama yuko hapa leo, anatusikia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1992 palepale Mbebe, akahitimu la saba mwaka 1998. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu mmoja aligundua kwamba Tukuswiga akiimba kwenye kwaya hakwami hata neno moja. Mwalimu akafurahi, akamwambia tangu siku hiyo awe anajibu maswali kwa kuimba. Darasa lote likaangua kicheko. Mtoto yule alisimama, akapambana na sentensi yake mpaka ikatoka: "Si-siimbi majibu, mwalimu. Nayasema." Akachapwa kwa utovu wa adabu. Kesho yake aliulizwa jedwali la saba, akalisema lote, ingawa kengele ya mapumziko ililia wakiwa bado wanamsubiri amalize. Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, kidato cha kwanza hadi cha sita, kisha akajiunga na chuo kikuu jijini Dar es Salaam kusomea sheria. Baba aliuza kahawa na ng'ombe wake wawili wa kulimia ili asome. Alimaliza shahada mwaka 2009, akapitia mafunzo ya uwakili, na tarehe 16 Desemba 2011 akaapishwa kuwa wakili.

Hapo ndipo vita yake ilipoanza. Aliomba kazi katika ofisi kadhaa za mawakili jijini Mbeya. Katika ofisi moja mkuu wake alimpokea vizuri, akamsifu kwa alama zake, kisha akamwambia, "Dada yangu, sisi tunauza maneno. Wewe kaa chumba cha nyuma uandike hoja, wenzako watakwenda kuzisema." Mshahara haukuwa mbaya. Alirudi nyumbani, akatueleza, na baba akamuuliza atajibu nini. Akasema, "Ni-nimeshajibu. Nimemwambia hoja zangu zina mdomo."

Machi 2012 alikuja Tunduma, akapanga chumba kimoja mtaa wa Sogea, akatundika kibao kilichoandikwa "Mtafya na Wenzake, Mawakili". Wakati huo hakuwa na mwenzake hata mmoja. Wateja wa kwanza walikuwa madereva wa malori, wanawake wenye vibanda sokoni, na wafanyabiashara wa Nakonde, Zambia, waliovuka mpaka na kumwita bamayo, yaani mama. Wapo waliosikia anavyosema, wakaaga na hawakurudi. Wengi walibaki.

Ndugu waombolezaji, kuna shauri moja ambalo lazima tulieleze, kwa sababu wengi mnalisikia kwa vipande. Mwaka 2015 mjane mmoja wa Kamsamba, Mama Nesta Silwimba, alifungua shauri la mirathi baada ya shemeji yake kuchukua shamba la mpunga aliloliacha mumewe. Siku ya kumhoji shemeji huyo, Wakili Tukuswiga alianza kuuliza: "Shamba hilo, u-uli... ulili..." Alitaka kuuliza, "Ulilikuta linalimwa na nani?" Hakimu, ambaye hatutamtaja, alichoka kusubiri. Akamalizia yeye: "Ulilinunua." Shahidi akadaka palepale: "Ndiyo, mheshimiwa, nililinunua." Tangu shauri lianze, mtu yule hakuwahi kudai kwamba alinunua chochote. Sasa jibu likaandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama, na shamba la mjane likawa linaondoka kwa neno ambalo wakili wake hakulisema.

Wakili Tukuswiga aliomba swali lile lifutwe kwa kuwa si lake.

"Wakili, unaona mashauri yalivyojaa," hakimu alisema. "Mahakama inakusaidia."

"Mheshimiwa, si-sijaomba msaada. Nimeomba kusikilizwa."

"Basi mteja wako atafute wakili anayeweza kusema."

Mama Nesta alinyanyuka kutoka benchi la nyuma. "Mimi sitaki mwingine, mheshimiwa. Huyu ndiye namwelewa." Akaamriwa akae chini, naye akakaa bila kuyafuta maneno yake. Wakili Tukuswiga akabaki amesimama, akaomba hakimu ajitoe kwenye shauri hilo. Aliyasema maombi hayo neno kwa neno, huku watu wakicheka mwanzoni, kisha wakinyamaza, kwa sababu alikuwa anakwama, anatoka, anakwama, anaendelea, na hakuruka hata hoja moja. Yalikataliwa. Jioni ile alifika nyumbani kwake akajifungia chumbani akalia. Hilo nalo tunalisema, msije mkadhani alikuwa wa chuma. Asubuhi alipanda basi kwenda Mahakama Kuu Mbeya kuomba mapitio.

Kule alikutana na jaji aliyeweka kalamu chini na kumsikiliza hadi mwisho. Uamuzi ulisomwa mwezi Februari 2016: neno ambalo wakili hakuuliza haliwezi kuwa ushahidi wa shahidi, na haki ya mteja kusikilizwa inamhusu pia wakili aliyemchagua, kwa sauti aliyonayo. Shauri likaanza upya mbele ya hakimu mwingine, na Mama Nesta akabaki na shamba lake. Yuko hapa. Wali mtakaokula leo umetoka kwenye shamba hilo.

Baada ya hapo hakutaka kuwa peke yake. Alianza kuwapokea mawakili vijana waliokataliwa kwingine. Judith Sinkala alikuja akiwa na mimba ya miezi saba, baada ya kuambiwa katika ofisi mbili arudi akishajifungua. Aliripoti kazini Jumatatu iliyofuata, na mtoto alipozaliwa kitanda chake kiliwekwa kati ya makabati ya majalada. Gwamaka Kibona, ambaye anasikia kwa shida sana na husoma midomo, alikuja na barua za kukataliwa zilizojaa mkoba. Mjini wakaanza kuiita ofisi ile "ofisi ya bubu na kiziwi". Mama lishe mmoja alimletea habari hiyo kwa huruma, akidhani ataumia. Dada akamjibu, "Wa-waambie bubu na kiziwi wanafungua saa mbili kamili, na Jumamosi wapo." Gwamaka amewahi kushinda mashauri mbele ya mawakili waliokuwa wanamgeuzia mgongo makusudi wakati wa kusema. Ni Wakili Tukuswiga aliyesimama na kuomba mahakama iwaamuru wageuke.

Mwaka 2022 aliitwa Vwawa kwenye semina ya mawakili kuhusu usawa katika taaluma. Walimweka meza ya mbele, wakampiga picha nyingi, wakampa dakika tano za kusema. Alisimama, akauliza kama ameitwa kupigwa picha au kusema, maana dakika tano za wengine kwake ni mbili. Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka. Mwenyekiti akamwongezea muda. Akawatazama wakuu wa ofisi kubwa mmoja mmoja, akawaambia, "Msi-msitupe semina. Tupeni kesi. Binti wa Msangano mwenye lafudhi ya Kinamwanga, mnampa kazi ya kupokea simu au kesi? Mama anayenyonyesha, mnampa kesi au pole? Mtu wa magongo, ofisi yako iko ghorofa ya tatu, atapandaje?" Kisha akakaa. Ofisi chache zilibadilika, na tunazishukuru kwa dhati. Nyingine hazijabadilika hadi leo. Baadhi ya wakuu wa ofisi hizo wamekuja kutufariji hapa, nao tunawashukuru, lakini hawakuwahi kumjibu. Swali lipo palepale.

Wakili Tukuswiga alifunga ndoa na Bwana Osward Sichone, wakala wa forodha mpakani, tarehe 7 Septemba 2013 mjini Tunduma. Walikutana Osward alipokwenda kuapa kiapo mbele yake. Dada alipokwama katikati ya maelezo, Osward hakumdakia neno. Alisubiri tu, mikono mapajani. Baadaye aliulizwa na rafiki zake aliwezaje, akawaambia, "Nimesubiri malori ya Kongo wiki tatu pale mpakani. Nitashindwa kusubiri neno?" Siku ya harusi mchungaji alimnong'oneza bibi harusi kwamba anaweza kuitikia kwa kichwa, inatosha. Alikataa. Alikisema kiapo chote, na wakwe wa Msangano waliokuwa wamekuja na mashaka yao walitoka kanisani wakipiga vigelegele. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tumaini na Pendo. Pendo amerithi usemi wa mama yake. Hakuna anayemtafutia mwiko.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Mbeya, kisha Dar es Salaam. Katika hospitali moja daktari alikuwa anamweleza Osward kila kitu kana kwamba mgonjwa hayupo chumbani. Dada alimshika daktari mkono wa koti, akasema, "Mgo-mgonjwa ni mimi. Niambie mimi." Akaambiwa. Aliendelea kwenda mahakamani katikati ya matibabu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, hadi Aprili mwaka huu miguu ilipokataa. Wiki zake za mwisho alikuwa nyumbani Tunduma, akiuguzwa na mumewe, mama, na Judith aliyekuja kila jioni kumsimulia ya mahakamani. Alituagiza juu ya maandishi haya. Alisema, "Msiandike kwamba nilikishinda kigugumizi. Si-sikukishinda. Nilishinda kesi." Tumeandika alivyotaka.

Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Mama alikuwa amemshika kichwa, na Osward miguu.

Ameacha mume, Osward Sichone. Watoto wawili, Tumaini na Pendo. Mama mzazi, Elizabeti. Ndugu wanne, nami Asajile ninayesoma haya ni mdogo wake anayemfuata. Wakwe, wajukuu wa ukoo na majirani wa Sogea waliompenda. Ameacha pia ofisi yenye mawakili ambao hakuna aliyewataka. Keshokutwa Jumatatu Judith ana shauri Vwawa alilokuwa akilisimamia marehemu. Upande wa pili walitupigia simu kwa upole, wakasema wataelewa tukiomba liahirishwe kwa sababu ya msiba. Tumewajibu kwamba haliahirishwi.

Mungu amlaze pema binti wa Mbebe, mke wa Msangano, wakili wa Tunduma. Yeye apumzike kwa amani yote aliyonyimwa. Sisi tuliobaki, kupumzika bado.