Bwana Alinifungua Nikahesabu Ng'ombe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimejaa. Mimi ni Rebeka, mke wa Arap Keter, zamani wa shamba la mzungu kule Chepkoilel. Wengi wenu mnanijua kwa uji. Ukienda kwenye mnada wa ng'ombe hapa Eldoret, kule karibu na reli, yule mama mwenye sufuria mbili kubwa langoni ni mimi. Mzee wa kanisa ameniomba nisiseme maneno mengi. Nitajaribu, lakini aliyonitendea Mungu hayakuwa machache.

Ninyi mliotoka upande wa Kakamega na Kisumu huenda hamjui desturi yetu sisi Wanandi. Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Jioni mtu husimama langoni mwa zizi, akawatazama nyuso na rangi wanavyoingia, na akikosekana mmoja anajua papo hapo. Lakini kumwelekezea kidole na kusema moja, mbili, tatu, huko ni kuita kifo.

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo misheni kabla ya kuolewa, na kuhesabu nilikupenda kama wengine wanavyopenda kuimba. Nilipofika kwa mume wangu, bibi arusi mgeni, siku moja niliwaona ndama wanatoka zizini, wazuri, manyoya yanang'aa. Nikawahesabu kwa sauti. Mama mkwe wangu alikuwa nyuma yangu. Hakunipiga. Alishika mdomo tu, akarudi ndani. Kabla mwezi haujaisha ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikaingia, na wale ndama tukawazika karibu wote. Mwaka uliofuata homa ikamchukua mtoto wangu wa kwanza. Pale kaburini mama mkwe alinitazama, nami nikaelewa anachowaza. Mbaya zaidi, hata mimi nilianza kuwaza hivyo hivyo.

Ndugu zangu, kuna vifungo ambavyo mtu havioni, kwa sababu havina mnyororo. Toka siku ile sikuhesabu tena kitu chochote. Watoto niliojaliwa baadaye niliwagawia chakula kwa majina, nisije nikajikuta nimewahesabu. Mayai sikuyahesabu. Hata vikombe vya uji sikuvihesabu, na wako wateja waliolijua jambo hilo wakanywa bure miaka mingi. Msicheke, wengine wenu mko humu ndani! Nilikuja kanisani, niliimba, nilisali, na bado nilikuwa mtumwa wa woga.

Ndipo notisi ikaja. Bwana mwenye shamba alituita sisi maskwota wote, tuliofanya kazi na kuishi katika ardhi yake, akasema kwamba ng'ombe wetu wamekuwa wengi mno katika nyasi zake. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano wawe wametoka. Atakayekutwa na ng'ombe baada ya hapo, hao wachukuliwe na wapigwe mnada na serikali. Mnajua maana yake. Bila ng'ombe sisi ni vibarua tu, na watoto wetu ni watoto wa vibarua, hawana maziwa wala mahari.

Mume wangu alienda ng'ambo ya mpaka wa shamba, kule rizavu, nchi waliyotengewa Wanandi, akapata mzee mmoja mwenye malisho mazuri ambaye angetukodishia nyasi, majike wetu wapate pa kukaa. Lakini ili kulipa kodi ile ilibidi tuuze maksai, na wauzwe vizuri. Wakiuzwa vibaya, majike nao wauzwe. Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Na kati ya majike hao alikuwamo Lelmet, yule mwenye kichwa cheupe, ambaye ukoo wake ulitoka kwa ng'ombe aliyeletwa na mama mkwe wangu mwenyewe alipoolewa.

Basi watu wakaanza kukimbilia mnadani. Kila juma vumbi lilisimama barabarani tangu alfajiri, na kila juma bei ilishuka. Nilikuwa langoni na sufuria zangu, nikawaona wanaume wazima wanatoka vichwa chini. Kila mmoja alimwambia mwenzake, "Uza sasa, juma lijalo ni baya zaidi." Na kweli juma lililofuata lilikuwa baya zaidi, kwa sababu wote walisikia maneno hayo wakaja. Jirani yetu, Arap Busienei, dume lake zuri lilirudi nyumbani bila mnunuzi. Mume wangu akasema, "Rebeka, mnada ujao tunapeleka wote."

Jumapili iliyotangulia mnada huo nilikuwa hapa, kwenye benchi lile la pili. Mwalimu Yohana alihubiri habari ya yule mchungaji mwenye kondoo wengi aliyewaacha wote nyikani akamtafute mmoja. Tumeisikia mara nyingi habari hii, sivyo? Lakini siku ile Mwalimu alisimama kidogo akatuuliza, "Ninyi wafugaji, niambieni, alijuaje kwamba mmoja hayupo?" Kisha akaendelea na mahubiri yake. Mimi sikuendelea naye. Nilibaki pale pale. Kondoo wengi namna ile, wote weupe, wote wamefanana! Huyo mchungaji alihesabu, ndugu zangu. Alihesabu kila jioni, na Bwana hakumkemea, tena alimfanya mfano wa upendo wake mwenyewe. Nililia mpaka dada aliyekuwa kando yangu akadhani nimefiwa.

Nilimwambia mume wangu, "Baba Samueli, nipe majuma machache. Usipeleke bado." Sikumwambia kwa nini. Alikubali kwa sababu aliona macho yangu.

Mnada uliofuata niliweka kata mbili chini ya meza yangu. Kila ng'ombe aliyepita langoni, nilitia kijiwe katika kata ya kwanza. Kila behewa la wanunuzi lililosimama relini likingoja kupakiwa ng'ombe, nilitia kijiwe katika kata ya pili. Mara ya kwanza nilimwaga uji kwa woga. Kwa kila kijiwe nilisema moyoni, Bwana Yesu, ni wewe umeniruhusu. Jioni nilifunga vijiwe vya ng'ombe katika kitambaa, nikakining'iniza ukutani, nikakariri bei ambayo maksai mzuri alifikia siku hiyo. Nilifanya hivyo mnada baada ya mnada. Kila nilipoamka niliwagusa watoto wangu vifua, mmoja mmoja. Walikuwa wanapumua.

Kisha nilimwita mume wangu. Nilitandika ngozi, nikavipanga vile vifurushi mbele yake, vikubwa upande huu, vidogo upande ule.

Akaniuliza, "Hivi ni nini?"

"Ni ng'ombe wa mnadani."

"Umehesabu ng'ombe wa watu?"

"Nimehesabu."

Alitazama upande wa nyumba ya mama yake. "Mama anajua?"

"Bado. Lakini tazama kwanza, Baba Samueli. Hiki kikubwa ni ile siku maksai wazuri walirudi nyumbani bila mnunuzi. Hiki kikubwa nacho, bei ilikuwa chini vile vile. Sasa tazama hivi vidogo. Hiki ni siku ya ile harusi kubwa, nusu ya Chepkoilel haikuja sokoni. Na hiki ni ile siku mvua ilipita kidogo, barabara ikateleza. Siku hizo mbili bei ilipanda, na kila siku mabehewa ni yale yale, hayaongezeki wala hayapungui."

Alikichukua kifurushi kidogo, akakipima mkononi kama mtu anayepima chumvi. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini mifugo anaijua. Akasema, "Kumbe wanunuzi hawajatukimbia. Ni sisi tunaowajia wote kwa siku moja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu. Kila mzee alimtazama ng'ombe wake usoni, akashangaa kwa nini mnyama mzuri hivi hapati bei. Hakuna aliyeutazama umati, kwa sababu umati hauna uso unaoujua. Umati unajulikana kwa kuhesabiwa tu, na sisi tuliogopa kuhesabu. Tukaamua kungoja mvua kubwa. Barabara ikiwa tope wengi watabaki nyumbani, na mabehewa yatakuja yakute zizi la mnada liko karibu tupu.

Niliwaambia majirani pia. Sikutaka Bwana anifungue mimi peke yangu. Familia moja ilikubali kungoja pamoja nasi. Wengine walicheka, wakasema mwanamke wa uji sasa ni dalali. Arap Busienei alinijibu kwa upole, "Mama Samueli, notisi haingoji mvua," akapeleka ng'ombe wake wote.

Na mvua haikuja! Mwezi wa tatu ulipita, anga nyeupe. Mwezi wa nne ukaingia, upepo tu na vumbi. Mnada ulijaa, vifurushi vyangu vikazidi kuwa vikubwa. Mume wangu hakuninung'unikia, lakini aliacha kula jioni. Halafu Samueli wangu akaanza kukohoa. Mama mkwe, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa uzee, alisikia kile kikohozi kutoka nyumbani kwake. Siku hiyo alikuwa ameambiwa na watu habari ya vijiwe. Alikuja akipapasa kwa fimbo, akasimama mlangoni pangu. "Umeanza tena," alisema. Hayo tu, akaondoka.

Ule woga wa zamani ulinirukia. Nilivishusha vifurushi vyote ukutani, nikavipeleka mpaka kwenye kijito ili nivitupe. Nilipofika pale nilipiga magoti, nikasema, "Bwana, kama kuhesabu ni kifo, mbona wewe unatuhesabu? Kama mtoto huyu ni wako, mponye. Kama si hivyo, bado nitakuamini wewe, wala sitauamini tena ule uwongo." Sikusikia sauti yoyote. Lakini niliposimama, woga haukusimama nami. Nilirudi nyumbani na vijiwe vyangu, nikavining'iniza pale pale, nikampikia mtoto maziwa yenye asali. Kikohozi kiliisha kama vikohozi vingine vya watoto vinavyoisha.

Na mvua ikaja, haleluya! Ilikuja kwa ghadhabu, siku baada ya siku, barabara ya Chepkoilel ikawa tope la kufika magotini. Siku ya mnada mume wangu na yule jirani walianza safari usiku bado haujaisha, wakiwavuta maksai kwenye matope. Mimi nilifika na sufuria moja tu. Zizi la mnada lilikuwa karibu tupu. Relini mabehewa yalisimama milango wazi, na wanunuzi walikuwa wakizunguka na makoti yao yaliyolowa, wakiuliza, "Hakuna wengine? Hakuna wengine wanaokuja?" Walishuka wenyewe topeni kuwapapasa maksai wetu mgongoni. Dalali alipandisha sauti, na bei ikapanda nayo. Niliweka mikono usoni nikalia mbele ya wateja. Maksai walitosha kodi ya malisho, na majike wote wakabaki wetu!

Sitawadanganya kwamba wote walipona. Arap Busienei leo anachunga ng'ombe wa mzungu, na hana hata ndama wake. Ni mtu mwema kuliko mimi. Watoto wake wanapata maziwa kwetu, na kila ninapojaza kibuyu chao moyo huniuma. Sielewi kwa nini mimi niliona yeye asione. Najua tu kwamba sikuona kwa akili yangu, kwa maana akili hiyo nilikuwa nayo miaka yote na niliifungia kwa woga.

Tuliwahamisha majike kabla ya notisi kuisha, nasi tukahama nao. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuondoka nao, kwa sababu alisema hawezi kulala mahali ambapo Lelmet halali. Jioni ya kwanza kule rizavu aliketi kwenye jiwe langoni mwa zizi jipya, fimbo magotini, kama alivyofanya maisha yake yote. Ng'ombe walianza kuingia. Niliona anageuza kichwa huku na huku, anatafuta nyuso, na nyuso haziji. Wakaingia wote, mume wangu akafunga lango. Mama mkwe akaniita.

"Rebeka. Wote wameingia?"

"Wameingia, Mama."

"Siwaoni." Akanyoosha mkono hewani, nikaushika. "Hesabu, nisikie."

Ndugu zangu, nilihesabu. Nilihesabu mmoja mmoja, kwa sauti, mpaka nikamfikia Lelmet aliyekuwa wa mwisho. Mama mkwe hakuuachia mkono wangu. Machozi yalikuwa yanamshuka katika yale macho yasiyoona.

"Hesabu tena," akasema.

Namshukuru Mungu wangu kwa ajili ya jioni ile kuliko kwa ajili ya mvua. Na wewe uliyeketi hapo na jambo lililokufunga, jambo ambalo hata mumeo halijui, hata jirani hajui, usiliogope tena. Mletee Yesu. Yeye anayekujua katika umati huu wote hajakosea hesabu, wala wewe hujasahauliwa. Leo jioni nikifika nyumbani, bibi mzee atakuwa ameketi kwenye jiwe langoni akinisubiri, kwa maana siku hizi hakubali lango lifungwe mpaka asikie sauti yangu ikihesabu.